Maumivu na majeraha ya goti: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali yafuatayo nimeulizwa kwa miaka mingi katika chumba cha fiziotherapia jijini Dar es Salaam, na mara nyingi zaidi nje ya chumba hicho: msibani, nje ya msikiti baada ya sala ya Ijumaa, hata ndani ya daladala, pale mtu anapojua kazi yangu na kukunja suruali hadi juu ya goti ili nitazame. Nimejibu kwa kirefu pale ambapo makosa ni mengi na yanagharimu, na kwa kifupi pale ambapo jibu ni moja. Hakuna jibu hapa linaloweza kuchukua nafasi ya daktari anayeligusa goti lako kwa mikono yake.

Kwa nini goti huumia kwa urahisi kuliko viungo vingine?

Nyonga imeumbwa kama mpira uliotumbukizwa ndani ya kikombe, kwa hiyo mfupa wenyewe humshika mwenzake. Goti halina hifadhi hiyo. Mfupa wa paja, ambao ndio mrefu kuliko yote mwilini, umeketi juu ya mfupa wa muundi ambao kichwa chake ni karibu bapa, na kinachozuia miwili hiyo isiteleze ni ligamenti (kamba ngumu zinazofunga mfupa kwa mfupa), misuli na ngozi ya kiungo tu. Ligamenti kubwa ni nne: mbili ziko ubavuni, ya ndani na ya nje, na mbili hukatizana katikati ya goti, ya mbele na ya nyuma. Kati ya mifupa hiyo kuna menisika mbili, yaani pedi za gegedu (tishu ngumu yenye kunyumbulika, laini kuliko mfupa) zenye umbo la mwezi mchanga, ambazo hutawanya uzito wa mwili ili usikae mahali pamoja. Mbele kuna pia ya goti, inayoteleza katika mfereji wake kila unapokunja mguu.

Katika vyote hivyo, kitu kimoja tu ndicho unachoweza kukiongezea nguvu kwa juhudi zako mwenyewe, nacho ni misuli, hasa ile minene ya mbele ya paja. Paja lenye nguvu hupokea sehemu ya mshtuko wa kila hatua kabla haujafika kwenye gegedu. Paja likinyauka, goti hubeba peke yake. Msomaji ataona kwamba karibu kila jibu langu, liwe kuhusu mchezaji wa miaka 19 au bibi wa miaka 70, linarudi kwenye paja.

Nimeanguka sasa hivi na goti linauma. Nifanye nini, na nisifanye nini?

Acha ulichokuwa ukifanya, keti au lala, na uinue mguu juu ya mito. Weka barafu iliyofungwa ndani ya kitambaa kwa dakika 15 hadi 20, iondoe, kisha urudie baada ya saa mbili au tatu. Funga bandeji ya kuvutika ukianzia chini ya goti kwenda juu, na uilegeze ukiona vidole vinakufa ganzi. Kwa maumivu ya siku ya kwanza parasetamoli hutosha kwa watu wengi. Siku inayofuata anza kulikunja na kulinyoosha goti taratibu kadiri maumivu yanavyoruhusu, kwa sababu kulala kitandani wiki nzima ni kosa jingine.

Usichuliwe. Nalisema hili kwa msisitizo kwa kuwa ndilo kosa ninalokutana nalo zaidi. Ndani ya saa 48 hadi 72 za mwanzo mishipa midogo ya damu iliyochanika bado inavuja, na mafuta ya moto pamoja na vidole vizito huifanya ivuje zaidi. Nilimpokea kijana mmoja aliyeumia katika bonanza la mtaani siku ya Jumapili. Kwa siku nne mfululizo jirani yake alimchua asubuhi na jioni kwa imani kwamba goti limeteguka na linarudishwa mahali pake. Eksirei ya siku ya tano ilionyesha kwamba kichwa cha mfupa wa muundi kilikuwa kimepasuka. Mfupa uliopasuka hauchuliwi, na hakuna mkono unaoweza kuhisi ufa kupitia ngozi iliyovimba.

Je, kila goti lililoumia linahitaji eksirei?

Hapana. Madaktari wa mji wa Ottawa nchini Kanada walitunga katika miaka ya 1990 mwongozo mfupi ambao unatumika hadi leo. Mtu mzima aliyeumia goti anapaswa kupigwa eksirei ikiwa ana umri wa miaka 55 au zaidi. Au pia ya goti peke yake inauma inapobonyezwa. Au kile kichwa cha mfupa mwembamba kilicho upande wa nje, chini kidogo ya goti, kinauma kinapobonyezwa. Au hawezi kulikunja goti hadi nyuzi 90. Au hakuweza kupiga hatua nne, si pale alipoumia wala alipofika mbele ya daktari. Asiye na hata moja kati ya hayo ni nadra sana kuwa amevunjika.

Ikumbukwe kwamba eksirei huonyesha mifupa. Ligamenti na menisika hazionekani humo, kwa hiyo kauli ya “picha iko safi” haina maana kwamba goti halijaumia. Kipimo cha MRI ndicho kinachoonyesha sehemu laini, lakini ni cha gharama, na mikono ya mtaalamu aliyezoea mara nyingi hupata jibu kabla yake.

Ni hali zipi ambazo hazisubiri kesho?

Ya kwanza ni goti lililohama kabisa, yaani mfupa wa paja umetengana na muundi, jambo linaloonekana katika ajali za bodaboda na za magari. Nyuma ya goti unapita mshipa mkubwa wa damu unaolisha mguu wote wa chini, na mshipa huo unaweza kukatika au kuziba hata kama goti limerudi lenyewe mahali pake. Gusa unyayo: ukiwa wa baridi, umepauka au hauna mapigo, mgonjwa ana saa sita hivi za kuokoa mguu wake, na saa hizo zinahesabiwa tangu ajali ilipotokea.

Ya pili ni goti la moto, lililovimba, lenye maumivu makali, likiambatana na homa, hasa kwa mtoto anayekataa kukanyaga au anayelia ukimgusa. Huenda bakteria wameingia kwenye kiungo, na usaha unaweza kuharibu gegedu ndani ya siku chache. Tiba yake ni kunyonya au kuosha kiungo hospitalini na kutoa antibayotiki kwa mshipa. Watoto wenye selimundu wako hatarini zaidi, na wazazi wao wasichukulie kila uvimbe wa goti kuwa ni maumivu yao ya kawaida.

Ya tatu ni kigimbi kilichovimba, kinachouma na chenye joto, hasa baada ya upasuaji, safari ndefu au mguu kufungwa plasta, kwani inaweza kuwa damu iliyoganda ndani ya mshipa. Ya nne ni mtu aliyeanguka na sasa hawezi kabisa kuunyanyua mguu ukiwa umenyooka. Kano inayounganisha paja, pia ya goti na muundi huenda imekatika, na kano hiyo hushonwa kwa urahisi zaidi katika wiki mbili za mwanzo.

Nilisikia mlio ndani ya goti nikicheza mpira, na likavimba baada ya saa moja. Ni nini?

Mlio wa ghafla, goti kushindwa kukubeba, na uvimbe mkubwa unaojaa ndani ya saa chache: mambo hayo matatu yakiambatana, jambo la kwanza ninalolifikiria ni ligamenti ya mbele ya katikati, ambayo watangazaji wa mpira huiita ACL. Uvimbe wa haraka ni damu. Uvimbe unaokuja kesho yake kwa kawaida ni maji tu, na humwelekeza mtaalamu kwenye menisika au kuteguka kwa kawaida.

Wengi hushangaa ninapowaambia kwamba sehemu kubwa ya majeraha haya hutokea bila mchezaji kuguswa na mtu. Anageuka ghafla mguu ukiwa umekita chini, au anatua baada ya kupiga kichwa huku goti likiingia ndani. Wasichana wanaocheza mpira, netiboli na mpira wa kikapu huumia ligamenti hii mara nyingi zaidi kuliko wavulana wa michezo hiyohiyo, na makocha wao wanapaswa kulifahamu hilo.

Ligamenti za ubavuni ni habari nyingine. Ile ya ndani, ambayo huumia mchezaji anapogongwa kutoka nje ya goti, ina damu ya kutosha na mara nyingi hupona kwa kifaa cha kushikilia goti na mazoezi ya wiki sita hivi.

Ligamenti ya ACL ikikatika, ni lazima nipasuliwe?

Si lazima kwa kila mtu, na hili ni jibu linalowaudhi baadhi ya wazazi ambao wameshaanza kuchangisha fedha. Nchini Sweden watafiti waliwafuatilia vijana 121 wenye umri wa miaka 18 hadi 35 waliokatika ligamenti hiyo. Nusu walipasuliwa mapema kisha wakafanya mazoezi; nusu nyingine walianza na mazoezi, wakiwa na ruhusa ya kupasuliwa baadaye endapo goti litaendelea kuwaacha, yaani kushindwa kuwabeba. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010 yalionyesha kwamba baada ya miaka miwili makundi hayo hayakutofautiana, na kwamba watu 36 kati ya 59 wa kundi la pili hawakuwa wamehitaji kisu kabisa.

Kwa hiyo swali la msingi ni hili: unataka goti likufanyie nini? Mwalimu anayetembea, kupanda ngazi na kuendesha baiskeli anaweza kuishi vizuri kwa misuli iliyojengwa upya. Mchezaji anayetaka kurudi kwenye michezo ya kugeuka ghafla, au mtu ambaye goti lake linamwacha kila mara anapokanyaga vibaya, upasuaji unamfaa, kwa sababu kila goti linapomwacha menisika nazo zinaweza kuchanika. Katika upasuaji huo ligamenti haishonwi. Hutengenezwa mpya kutokana na kano iliyochukuliwa nyuma ya paja au chini ya pia ya goti, na kazi hufanywa kwa njia ya matundu madogo. Hapa Tanzania upasuaji wa namna hiyo unafanyika katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI.

Baada ya upasuaji, subira ndiyo tiba. Kano iliyopandikizwa hupoteza nguvu kwanza kabla ya kuanza kugeuka kuwa ligamenti, na mgonjwa huwa hahisi hivyo kwa kuwa maumivu yameshaisha. Kurudi uwanjani kabla ya miezi tisa huongeza sana uwezekano wa kukatika tena. Virgil van Dijk, beki wa Liverpool ya Uingereza, aliumia ligamenti hii Oktoba 2020 na hakucheza mechi nyingine ya mashindano hadi Agosti 2021, akiwa na madaktari, mabwawa na vifaa vyote ambavyo fedha inaweza kununua. Kijana wetu wa ligi ya mkoa anayeniambia kwamba atarudi baada ya miezi minne kwa sababu kocha anamhitaji, huwa namwekea mfano huo mbele yake. Kabla ya kumruhusu mtu kucheza napima paja zote mbili kwa futi ya fundi cherehani na kumtaka aruke kwa mguu mmoja. Mguu ulioumia ufikie angalau asilimia 90 ya mwenzake.

Je, majeraha hayo yanaweza kuzuiwa?

Kwa sehemu kubwa, ndiyo. FIFA ina programu ya kupasha mwili joto iitwayo 11+, inayochukua kama dakika 20: kukimbia polepole, kisha mazoezi ya nguvu na kusawazisha mwili, kisha mbio zenye kugeuka. Ilipojaribiwa Norway kwa wachezaji wa kike wa miaka 13 hadi 17, majeraha yalipungua kwa takriban theluthi moja. Haihitaji kifaa chochote zaidi ya mpira na uwanja. Timu nyingi za mitaa nilizoziona hupasha joto kwa kupiga mashuti golini, na zoezi hilo haliliandai goti kwa lolote.

Goti langu hukwama katikati na hulia ninapochuchumaa. Ni menisika?

Kulia peke yake si ugonjwa. Magoti mengi yenye afya hulia, na kama hakuna maumivu wala uvimbe, yaache yalie. Kukwama ni jambo tofauti. Kijana aliyepinda goti akiwa amekanyaga, na tangu siku hiyo goti linagoma kunyooka hadi mwisho, huenda kipande cha menisika kimejikunja na kuzuia kiungo kama kokoto kwenye bawaba ya mlango. Huyo anahitaji daktari wa upasuaji mapema, kwa kuwa menisika iliyochanika ukingoni, ambako damu inafika, inaweza kushonwa na kupona.

Kwa mtu wa miaka 45 au 60 mambo ni mengine kabisa. Menisika huchakaa kama soli ya kiatu, na MRI ya mtu wa umri huo mara nyingi itaonyesha mchaniko hata kwenye goti lisilouma. Utafiti wa Finland uliochapishwa mwaka 2013 uliwachukua wagonjwa 146 wa namna hiyo. Baadhi walikatwa kipande kilichochanika, wengine walitobolewa na kutazamwa ndani ya goti kwa kamera tu bila kukatwa chochote, na wao wenyewe hawakujua wako kundi lipi. Baada ya mwaka mmoja makundi yote mawili yalikuwa yamepata nafuu sawa. Ndiyo maana mtu wa umri huo anapoambiwa apasuliwe menisika kwa sababu ya karatasi ya MRI pekee, ninamshauri afanye mazoezi ya miezi mitatu kwanza.

Nimeambiwa ute wa magoti umekwisha. Bamia na supu ya kongoro zitaurudisha?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na aliyelianzisha alikuwa na nia njema, lakini maelezo si sahihi. Ute wa goti hauishi kama mafuta ya taa kwenye kibatari. Hutengenezwa na ngozi nyembamba ya ndani ya kiungo kila siku ya maisha yako, na katika goti lililosagika mara nyingi huwa mwingi kupita kiasi. Ndiyo maana limevimba. Utelezi wa bamia humeng'enywa tumboni kama chakula kingine, na hauna njia ya kutoka utumboni ukafika gotini ukiwa bado ni utelezi. Bamia ni mboga nzuri, iliwe kwa sababu hiyo. Supu ya kongoro nayo ina mafuta mengi, na anayeinywa kila asubuhi kwa ajili ya magoti anaweza kujikuta ameyaongezea kilo za kubeba.

Ugonjwa wenyewe unaitwa osteoathritisi, na watu husema magoti yamesagika. Gegedu hupungua, mfupa wa chini yake hukomaa na kuota vipembe pembeni, na misuli hunyauka kwa sababu mtu ameacha kutembea akiogopa maumivu. Huwapata zaidi wanawake, watu wenye uzito mkubwa, waliowahi kuumia goti ujanani na wale wenye kazi za kupiga magoti au kubeba mizigo. Maumivu huzidi kwenye ngazi na wakati wa kuinuka baada ya kukaa muda mrefu. Goti kukakamaa asubuhi kwa kawaida hakuzidi nusu saa. Kukakamaa kunakokaa saa nzima na kuhusisha vidole vya mikono yote miwili huashiria baridi yabisi, ambayo ni ugonjwa wa kinga ya mwili na una dawa zake mahususi, kwa hiyo usiziunganishe hali hizo mbili.

Kupunguza uzito kuna faida kubwa kuliko watu wanavyodhani: kila kilo moja inayopungua mwilini huliondolea goti karibu kilo nne za mzigo katika kila hatua. Mtu aliyepunguza kilo tano amelipumzisha goti kilo 20, na kwa siku hupiga maelfu ya hatua.

Ni mazoezi gani hasa, na je, hayatalisaga goti zaidi?

Hayatalisaga. Gegedu halina mishipa ya damu. Hupata chakula chake kutoka kwenye ute pale goti linapokandamizwa na kuachiwa, kama sifongo. Goti lisilotembezwa ndilo linaloshinda na njaa.

Mama mmoja muuza maandazi alinijia akiwa ameshaacha biashara. Alikuwa akikalia kigoda kifupi cha mbao mbele ya jiko la mkaa tangu saa kumi alfajiri, magoti yakiwa yamefika karibu na kifua, na kila alipoinuka alishika mkono wa mwanawe. Nilianza na kigoda: tukakibadilisha kwa kiti cha kawaida, na jiko likawekwa juu ya matofali. Kisha nikamfundisha mazoezi matatu. La kwanza, akiwa amelala chali, aliweka khanga iliyoviringishwa chini ya goti na kuibana chini kwa nguvu ya paja, akihesabu hadi kumi, mara kumi kwa kila mguu. La pili, alikunja mguu mmoja na kuunyanyua mwingine ukiwa umenyooka, kiasi cha shubiri mbili kutoka kitandani, akautuliza hapo kwa hesabu ya tano na kuushusha polepole. La tatu, aliketi kwenye kiti kilichoegemezwa ukutani, mikono kifuani, akasimama na kuketi bila kushika kitu. Siku ya kwanza aliweza mara mbili tu, na mara ya tatu akaangukia kitini. Katika wiki ya nane alifanya mara 12, na alikuwa amesharudi kwenye karai lake la mafuta.

Maumivu kidogo wakati wa mazoezi yanaruhusiwa. Yakiwa makali zaidi asubuhi inayofuata kuliko yalivyokuwa jana, punguza idadi, usiache.

Vipi kuhusu dawa na sindano?

Jeli ya diklofenaki inayopakwa ndiyo ya kuanza nayo, kwa sababu kiasi kinachoingia kwenye damu ni kidogo. Vidonge vya diklofenaki na ibuprofeni hupunguza maumivu, lakini vikitumiwa kila siku kwa miezi huweza kuleta vidonda vya tumbo, kupandisha shinikizo la damu na kudhuru figo. Mwenye kisukari, presha, ugonjwa wa figo au ujauzito asivinunue dukani bila ushauri.

Sindano ya steroidi (dawa yenye nguvu ya kupunguza uvimbe) ndani ya goti hutuliza kwa wiki kadhaa, na inafaa pale goti lililovimba linapozuia mazoezi. Haifai kuwa desturi. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2017 ulionyesha kwamba waliodungwa kila baada ya miezi mitatu kwa miaka miwili walipoteza gegedu zaidi kuliko waliodungwa maji ya chumvi, na maumivu yao hayakupungua zaidi. Glukosamini, kirutubisho cha viungo kinachouzwa kwa bei kubwa, haijaonyesha faida inayoeleweka. Na dawa ya unga isiyo na lebo inayoondoa maumivu yote kwa siku mbili ikaanza kuuvimbisha uso wako inaweza kuwa imechanganywa na steroidi. Usiiache ghafla, ipeleke kwa daktari pamoja na wewe.

Ni lini goti hubadilishwa?

Pale maumivu yanapomwamsha mtu usiku, hawezi kutembea hadi dukani, na mazoezi, uzito na dawa vimejaribiwa kwa uaminifu. Picha ya eksirei peke yake si sababu. Daktari hukata sehemu nyembamba zilizochakaa na kuzivika chuma, huku plastiki ngumu ikiwekwa katikati. Kumbukumbu za Australia na Finland zinaonyesha kwamba magoti bandia 82 hivi kati ya 100 bado yanafanya kazi baada ya miaka 25. Mgonjwa husimamishwa siku hiyohiyo au kesho yake, na wiki sita za kulikunja goti jipya ni kazi ngumu ambayo familia inapaswa kujiandaa nayo. Kuchuchumaa kabisa baada ya hapo huwa ni vigumu.

Mwanangu wa miaka 12 ana uvimbe mgumu chini ya goti.

Kama ni mchezaji na uvimbe uko pale kano inapojishika kwenye muundi, kwa kawaida ni hali ya ukuaji iitwayo Osgood-Schlatter. Hupungua mifupa inapokomaa. Apunguze kuruka maumivu yakizidi, asikatazwe michezo moja kwa moja. Lakini mtoto wa miaka 10 hadi 16 anayechechemea na kulalamikia goti ambalo ukilikagua halina kasoro yoyote, apimwe nyonga haraka. Kichwa cha mfupa wa paja kinaweza kuwa kinateleza, na maumivu ya nyonga hujitokeza gotini.

Miguu ya mtoto imepinda. Nisubiri?

Mtoto anayeanza kutembea huwa na matege, na hilo ni la kawaida hadi miaka miwili. Kati ya miaka mitatu na minne magoti hugeuka yakagusana, na kufikia miaka saba huwa yamenyooka. Mpeleke hospitali ikiwa mguu mmoja umepinda kuliko mwingine, ikiwa kupinda kunazidi badala ya kupungua, au ikiwa mtoto ni mfupi na amechelewa kutembea, kwa sababu inaweza kuwa ukosefu wa vitamini D au kalsiamu.

Wazazi wa Arusha, hususan maeneo yanayozunguka Mlima Meru, wana sababu nyingine ya kuwa macho. Maji ya chemchemi na visima vingi huko yana madini ya floridi kupita kiwango cha Shirika la Afya Duniani cha miligramu 1.5 kwa lita, na magadi yanayotumika kulainisha maharage na makande huongeza floridi hiyo. Kwa miaka mingi inaweza kukunja mifupa ya miguu ya mtoto, si kuyapaka meno rangi ya kahawia tu. Kuchemsha maji hakuiondoi. Huiongezea ukali kwa kuwa maji hupungua. Maji ya mvua yaliyokingwa vizuri, au yaliyochujwa kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe kama yanavyochujwa kwenye kituo cha Ngurdoto, mkoani Arusha, ni salama zaidi kwa kupikia na kunywa, na makande yalowekwe usiku kucha badala ya kutiwa magadi.

Goti limewaka moto usiku bila kuumia popote.

Kwa mwanaume wa makamo, hasa baada ya nyama na pombe, fikiria jongo (gauti). Hata hivyo shambulio la kwanza lisitibiwe kwa kubahatisha, maana goti lenye usaha hufanana nalo. Daktari avute maji ya goti yapimwe.

Na uvimbe laini nyuma ya goti?

Mara nyingi ni ute uliozidi na kusukumwa nyuma. Tibu goti lenyewe, nao utapungua. Usiutoboe.

Nasali na kutumia choo cha kuchuchumaa kwa shida. Nifanyeje?

Sheria ya dini ya Kiislamu imempa nafasi asiyeweza kusimama au kusujudu kusali akiwa ameketi, na nimeona wazee wakijitesa kwa kuona haya kuomba kiti. Wanaoweza kusujudu kwa shida husaidiwa na mto mnene chini ya magoti. Kwa choo, fundi seremala anaweza kutengeneza kiti cha mbao chenye tundu katikati, na chuma cha kushikia kilichojengewa ukutani kwenye kimo cha kiuno hugharimu kidogo kuliko kuvunjika nyonga. Kwenye ngazi, mguu mzima hupanda kwanza na mguu mgonjwa hushuka kwanza. Fimbo nayo, tofauti na wengi wanavyofanya, hushikwa kwa mkono wa upande wa goti lisilouma, na husogezwa mbele pamoja na mguu mgonjwa.